Maji ya Sabato Ile

Upande wa Nyaramba, ukiuliza Obadiah Onyiego ni nani, utaambiwa kwanza habari ya mikono yake, halafu habari ya Sabato yake. Mikono ilikuwa ya fundi wa mabomba, mipana, yenye mistari myeusi ya grisi ambayo sabuni ilishindwa nayo zamani. Lakini Sabato ndiyo iliyomfanya asemwe. Ijumaa jua likianza kuegemea vilima, Obadiah hakazi skrubu wala hapokei simu ya kazi. Kuna mama mmoja ambaye choo chake kilifurika saa kama hizo, akawahi kumpigia kabla simu haijazimwa, karibu kulia. Obadiah alimjibu kwa upole kwamba atakuja Jumapili, na Jumapili alikuja kweli, asubuhi na mapema, akafanya kazi safi. Watu walimcheka na kumheshimu kwa pamoja. Hakuwa mtu wa kujipiga kifua, ila kwa jambo hili moja alijisikia kidogo, na mimi simlaumu. Kila mmoja wetu ana kitu kimoja anachotaka Mungu akione.

Kazi yake ilikuwa katika hospitali ya watu binafsi iliyo juu ya kilima. Jina lake nitaliacha. Maji machafu yote ya hospitali ile, ya wodi, ya chumba cha upasuaji, ya kufulia mashuka, hata yale ya maabara, hushuka kwa bomba moja hadi kwenye mashimo, kutoka mashimo huingia mabwawa mawili yenye ukungu wa kijani, na kutoka bwawa la mwisho hupita kwenye tangi ambamo pampu ndogo hudondosha klorini. Yakitoka hapo huingia kijito cha Ekerubo na kwenda zake. Tangi lile la mwisho lilikuwa la Obadiah. Kama klorini haikuingia, hapakuwa na mtu mwingine wa kuuliza.

Na hakuwa mtu asiyejua anachofanya. Sheila, binti wa maabara, alihakikisha hilo. Siku moja aliwaita wafanyakazi wote wa usafi na wa mabomba akawaonyesha sahani mbili ndogo za kioo. Ndani ya kila moja alikuwa amepanda bakteria, na juu yao akapanga vipande vya karatasi vilivyolowekwa dawa mbalimbali, mviringo kama vifungo vya shati. Kwenye sahani ya kwanza kila karatasi ilikuwa imezungukwa na duara safi, mahali dawa ilipoua. Kwenye ya pili hapakuwa na duara. Bakteria walikuwa wamekua wakafika kwenye karatasi zenyewe, wakazikumbatia.

"Hii ya pili nimetoa wapi?" Sheila aliuliza.

Akaiinua juu wote waione.

"Kwa bwawa ya mwisho, kabla ya klorini. Wagonjwa wanakunywa dawa, dawa inatoka na mkojo, inakutana na wadudu huko chini. Wale dhaifu wanakufa, wenye nguvu wanabaki wanazaana. Hao ndio tunaita sugu. Mtu akiingiwa na hawa kwa kidonda, dawa za kawaida zinapita tu kama maji." Kisha akamwangalia Obadiah. "Klorini inawamaliza. Baba Eric, ndiyo maana wewe ni mtu mkubwa hapa kuliko unavyolipwa."

Watu walicheka. Obadiah pia alicheka, lakini alirudi nyumbani na neno lile akalirudia kwa mkewe Jacinta wakati wa chakula. Mtu mkubwa.

Sasa kuna jambo la kijito. Kanisa la Waadventista la pale bondeni lilikuwa limebatiza watu katika Ekerubo tangu enzi za mababu, mahali ambapo maji huzunguka mwamba na kutulia. Hospitali ilikuja baadaye sana. Ilipojengwa, wazee wa kanisa walikaa kikao, wengine wakataka ubatizo uhamishwe, hata ikiwa ni kuchimba kidimbwi cha saruji uani mwa kanisa. Obadiah, ambaye tayari alikuwa shemasi, alisimama akasema, "Hiyo maji mimi ndiye naisafisha. Mkiniamini na funguo za kanisa, niaminini na hiyo." Kikao kikaisha. Kidimbwi hakikuchimbwa.

Mwaka huo, makambi, ile mikutano ya kanisa ya kila mwaka chini ya hema, yalipokaribia, mtu aliyesubiriwa zaidi kwenye ubatizo alikuwa Mokeira, anayeitwa Mama Gibson. Alikuwa mjane, jirani wa Obadiah ng'ambo ya shamba la chai, mchuuzi wa ndizi ambaye kila siku ya soko alipeleka mikungu yake Daraja Mbili na kurudi na maneno mapya ya mjini. Alizaliwa Mkatoliki, akaolewa na Mkatoliki, akamzika Mkatoliki. Obadiah alisoma naye Biblia miaka mingi, barazani, wakibishana. Mokeira alikuwa na maswali ya kuchosha hata mchungaji. Aliwahi kumuuliza kwa nini Mungu aliyeumba jua asubiri lizame ndipo siku yake ianze, na Obadiah akamjibu kwamba hayo atamuuliza Mwenyewe. Mwishowe mama yule aliacha kwenda sokoni Jumamosi, na Jumamosi kwa mchuuzi wa ndizi si siku ndogo. Obadiah alipomwona anapita na gauni jeupe kuelekea kanisani mara ya kwanza, aliingia jikoni akajifanya anatafuta chumvi, ili Jacinta asione macho yake.

Kasoro ilikuwa moja. Wiki ya makambi Mokeira alijikata na jembe kwenye muundi wa mguu, akilima migomba. Kidonda hakikuwa kikubwa, lakini alikuwa na ugonjwa wa sukari, na vidonda vyake vilichelewa kupona. Obadiah alikijua kidonda kile. Alikuwapo siku kilipofungwa.

Ijumaa ya makambi mvua ilikuwa imenyesha karibu juma zima. Asubuhi Obadiah na mashemasi wenzake walizuia kijito kwa magunia ya mchanga na vigogo vya migomba, mpaka maji yakafika kiunoni. Mchana akapanda hospitalini, akakuta pampu ya klorini imekufa, mpira wake wa ndani umechanika. Bwawa lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Angefunga mlango wa bwawa ili atengeneze pampu, maji yangemwagika kwenye mashamba ya watu. Kwa hiyo alifanya lile linalofanywa katika matengenezo mafupi: alifungua bomba la pembeni, ambalo hulikwepa tangi la klorini na kumwaga moja kwa moja kijitoni, akaifungua pampu na kupanga vipande vyake juu ya gunia.

Mpira mpya ulichelewa kuja kutoka Kisii mjini. Ulipofika, jua lilikuwa limeshashuka. Mwenzake Ronny, ambaye ni Mkatoliki na kwa kawaida ndiye humalizia kazi za Ijumaa, alikuwa matangani kwao Magwagwa. Obadiah aliuvalisha mpira mahali pake. Zilibaki skrubu, na kuunganisha mipira miwili ya kupitishia klorini, na kufunga lile bomba la pembeni. Kazi ya muda wa kunywa kikombe cha chai. Aliinua macho akaona ukingo wa mwisho wa jua unaingia nyuma ya kilima.

Akaweka spana chini.

Sitaki mtu amcheke hapa. Yeye mwenyewe alikuwa ameshafundisha darasa la Shule ya Sabato habari ya ng'ombe aliyetumbukia kisimani, na kwamba si kosa kumtoa hata siku ya Sabato. Lakini jioni ile hakuona ng'ombe wala kisima. Aliona pampu, na pampu ni kazi, na kazi alishazoea kuiacha. Alifunika vipande kwa gunia, akanawa mikono, akateremka.

Ni njiani, akisikia kwaya kutoka kwenye hema, alipokumbuka kule maji yalikokuwa yanakwenda. Alisimama. Angeweza kugeuka. Kilichomzuia ni hesabu ambayo kila mwoga huifahamu: kijito kimejaa mvua, maji machafu yatapotea ndani ya masafi, na zaidi ya yote, Mungu hawezi kuruhusu maji ya ubatizo wake yadhuru mtu. Akaona hata kufikiria kwamba yangedhuru ni kukosa imani. Akaendelea kuteremka.

Na bado angeweza kupona kama angenyamaza. Lakini Mchungaji Josiah alikuwa mlangoni mwa hema akiwapokea watu, akamwuliza mbona amechelewa, na Obadiah akamwambia, akijaribu kufanya sauti yake iwe ya kawaida, "Pampu ilikuwa imefunguka yote, Mchungaji. Lakini jua likazama, nikaiacha hapo hapo." Kuhusu bomba la pembeni hakusema kitu.

Asubuhi yake Mchungaji alilipandisha jambo lile mimbarani. Alisema mbele ya hema zima kwamba wakati dunia inaikimbilia kazi mpaka inasahau jina la Muumba, kuna shemasi hapa aliyeacha mashine ya hospitali vipandevipande kwa sababu ya Sabato. Watu wakasema amina. Jacinta akamgusa kiwiko. Mokeira, aliyeketi mstari wa mbele pamoja na watakaobatizwa, aligeuka akamtafuta kwa macho na kutabasamu. Obadiah alitazama viatu vyake. Wote walidhani ni unyenyekevu.

Mchana walishuka kijitoni kwa nyimbo. Mchungaji aliingia majini, na Obadiah, kama desturi ya mashemasi, akaingia naye kuwapokea watu ukingoni na kuwakabidhi. Maji yalikuwa na povu jembamba linalozunguka mwamba, na harufu hafifu, ya kitambaa kilichokaa kwenye ndoo. Aliisikia mara tu alipoingia. Hakuna mwingine aliyeisikia, au kama aliisikia alidhani ni matope ya mvua.

Walipita mmoja mmoja, vijana wengi, wasichana kwa wavulana. Mokeira alikuja mwishoni. Alikuwa ameifungua bendeji. Alisema hataki kwenda mbele za Mungu na kitambaa kichafu mguuni. Obadiah aliona mkato ule chini ya pindo la joho, mwekundu, ukiwa wazi.

Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Angesema tu, Mama Gibson, kidonda, tungoje. Lakini watu walikuwa wanaimba, Mchungaji amenyoosha mkono, na yule shemasi aliyesifiwa asubuhi angeanzaje kueleza? Akampa mkono. Mokeira akashuka.

Jumapili, hata jua halijatoka vizuri, Obadiah alikuwa kwenye tangi. Alifunga skrubu, akafunga bomba la pembeni, akawasha pampu, na klorini ikaanza kudondoka kama hakuna kilichowahi kutokea.

Kidonda cha Mokeira kilianza kwa kuwasha. Halafu kikavimba, kikabadilika rangi, kikatoa usaha wenye harufu tamu isiyopendeza. Alienda zahanati akapewa vidonge vya rangi mbili, akavimaliza. Alinunua vingine duka la dawa. Akaenda tena zahanati akadungwa sindano. Kila alipopita njiani na fimbo watu walimpa pole na ushauri, na mmoja alimwambia shetani huwa hapendi mtu akibatizwa.

Obadiah alikwenda kumwona mara nyingi, pengine mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alimpelekea maziwa, akamkatia kuni, akamtengenezea mfereji wa maji ya mvua ambao haukuwa umeharibika sana. Mokeira alimshukuru kila mara, na kila shukrani ilimchoma.

"Shemasi, wewe umekuwa ndugu," alimwambia siku moja, mguu ukiwa juu ya stuli. "Hata watu ya kwetu hawajakuja hivi."

"Dawa inasaidia?" Obadiah aliuliza.

"Haishiki. Nimekunywa mpaka nimechoka. Lakini tunaomba."

Walipoomba, yeye ndiye aliyeongoza. Aliomba kwa sauti thabiti, na ndani yake alikuwa anajichukia.

Aliporudi kazini alimtafuta Sheila, akaanza kwa mbali kama mtu anayeuliza habari ya hali ya hewa. Je, mtu mwenye kidonda akigusa maji ya bwawa kabla ya klorini, anafanywa nini?

"Anakuja haraka, na anatuambia," Sheila alisema. "Hiyo ndiyo dawa ya kwanza, kutuambia. Daktari akijua imetoka wapi, hapotezi siku na vidonge vya kawaida. Usaha unapimwa, tunatafuta ile dawa moja au mbili bado inawaweza." Akaweka kalamu chini. "Kwani ni nani, Baba Eric?"

"Hakuna. Nilikuwa nawaza tu."

Huo ndio uongo ambao mimi, ningekuwa hakimu wake, ningeuweka juu ya yote. Spana alikuwa ameiweka chini kwa ajili ya Mungu, hata kama alikosea. Hili alilifanya kwa ajili yake mwenyewe. Aliogopa kazi, aliogopa kikao cha wazee, na zaidi ya yote aliogopa hema lile lililosema amina. Alijiambia atasema Jumatatu, kisha akajiambia atasema baada ya mazishi fulani, na mguu wa Mokeira haukuwa na habari na ratiba yake.

Siku Gibson alipokuja mbio kusema mama yake anatetemeka na anaongea maneno yasiyoeleweka, Obadiah ndiye aliyetafuta gari na kuwapeleka hospitali kubwa Kisii. Daktari aliyewapokea alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alifunua bendeji, akakaza midomo.

"Hii kidonda ilianzaje?"

"Jembe," Gibson alisema. "Alijikata tu na jembe."

"Na baadaye? Imeguswa na nini? Udongo, samadi, maji?"

"Hapana. Jembe tu."

Daktari akainama kuandika. Obadiah alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda, kofia mkononi. Alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka, ndogo kuliko alivyotarajia.

"Imeguswa na maji ya hospitali. Maji ya bwawa. Haikuwa na klorini."

Gibson akageuka. Daktari akaacha kuandika. Aliuliza maswali matatu manne ya haraka, maji yalitoka wodi zipi, kidonda kilikaa humo muda gani, lini, na kila jibu lilimfanya atikise kichwa. Alipofika kwenye lini, alimtazama Obadiah usoni.

"Mzee, hii ilikuwa ya kusemwa siku ya kwanza," akasema, si kwa ukali, na akaenda kuwaita wenzake.

Usaha ulipimwa. Karatasi nyingi zilikumbatiwa, kama zile za Sheila. Ilipatikana dawa moja iliyofanya kazi, nayo ndiyo iliyomwokoa Mokeira. Mguu haikuwahi kuuokoa. Uliondolewa chini ya goti. Sheila alipopigiwa simu na wenzake wa Kisii, walilinganisha, wakakuta bakteria wale wanafanana na wa bwawa kwa kila dawa iliyoshindwa nao. Alisema huo si ushahidi wa kutosha mbele ya hakimu. Obadiah hakuhitaji hakimu.

Alimwambia Mchungaji Josiah kwanza, labda kwa sababu alijua atapata huruma, na akaipata. Mchungaji alimshika bega akamwambia alitii amri, na Mungu anaangalia moyo. Obadiah alitoka pale amekasirika kwa mara ya kwanza tangu mambo yaanze, na hakujua amemkasirikia nani. Alikuwa amekwenda na mzigo, akarudishiwa ule ule ukiwa umefungwa kwa karatasi nzuri. Siku iliyofuata alimwambia msimamizi wa hospitali, ambaye hakumshika bega. Alisimamishwa kazi papo hapo, na hilo, kusema kweli, lilimpunguzia mzigo kidogo.

Akabaki Mokeira.

Alimkuta ameketi kitandani, kitenge kimefunika mahali ambapo mguu ulikuwa. Gibson hakumsalimia Obadiah, akatoka nje. Mokeira alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yale yale ya barazani.

"Gibson ameniambia kitu," alisema. "Nikamwambia angoje, Shemasi atakuja mwenyewe aseme."

Obadiah hakuketi. "Pampu ilikuwa imefunguka. Jua likazama, nikaacha. Maji ilikuwa inashuka bila dawa usiku yote na Sabato yote."

"Ulijua inaenda pale tunabatizwa?"

"Nilijua."

"Siku hiyo? Ukiwa umenishika mkono?"

"Ndiyo."

"Na ukikuja kwangu na maziwa?"

Hapo Obadiah aliinamisha kichwa tu.

Mokeira aligeukia ukuta. Kwenye kitanda cha jirani mwanamke mmoja alikuwa anamenya chungwa, akaacha. Mokeira alipogeuka tena, hakuwa analia.

"Ungeniambia ningoje Sabato ingine," alisema. "Mimi nilingojea hiyo siku miaka ngapi? Ningeshindwa kungoja wiki moja? Ungesema tu, Mama Gibson, leo maji si mazuri. Ningerudi nyumbani nipike."

"Nisamehe."

"Sijafika huko. Nikifika nitakuita." Alivuta kitenge. "Na wengine?"

"Wengine gani?"

"Tulikuwa laini ndefu pale, Obadiah." Ilikuwa mara ya kwanza tangu ubatizo amwite kwa jina tupu. "Kulikuwa na watoto. Umeenda kwao?"

Hakuwa amekwenda. Hakuwa hata amefikiria. Siku zote zile alizokosa usingizi, alizokataa chakula mpaka Jacinta akatishia kumwitia dada zake, alikuwa amekaa na mguu mmoja na nafsi yake moja, akidhani hiyo ndiyo toba. Aibu iliyompata pale ilikuwa mpya kabisa. Ilizidi ile ya kwanza.

"Usikae hapa unanihurumia," Mokeira alisema. "Nenda."

Alikwenda. Alishuka Nyaramba mchana ule ule, akaanza na nyumba iliyo karibu na barabara, ya Celestine, ambaye bintiye Nyamusi alibatizwa akiwa wa kwanza kwenye mstari. Celestine alikuwa anakung'uta majani ya chai yaliyobaki kwenye gunia. Alimkaribisha, akataka kuingia kupika chai. Obadiah akakataa kuketi, akauliza kama wote ni wazima.

"Wazima, Shemasi. Tunamshukuru Mungu, Nyasae wetu. Ni huyu Nyamusi tu, sikio. Inatoka usaha tangu makambi. Tumeweka matone, tumenunua vidonge kwa duka ya dawa, sasa tuko kwa zile za pili. Itaisha tu."

Nyamusi alikuwa ameketi kizingitini na kitabu cha shule, pamba imechomekwa sikioni.

"Msinunue tena," Obadiah alisema. "Mama Nyamusi, chukua shuka na kadi yake ya kliniki, tunaenda Kisii sasa hivi. Nitawaambia madaktari ni nini, wapime. Hizo vidonge hazitamsaidia."

Celestine aliweka gunia chini taratibu. "Umejuaje, Shemasi?"

"Ni maji ya ubatizo. Ilikuwa ya hospitali, haikuwa na dawa. Mimi niliifungulia, nikaiacha, na nilijua."

Nyamusi aliinua uso kutoka kwenye kitabu. Aliona wakubwa wametazamana, akajua limesemwa jambo linalomhusu.

"Amesema nini?" aliuliza. "Sijasikia vizuri."

Obadiah alipiga goti mbele yake, upande wa sikio zima, akaanza tena tangu mwanzo.